Gunia la Tatu

Tulimzika Baba siku ya Jumatano, na Espérance aliwasili kabla jeneza halijatoka nyumbani. Sikumtambua. Niliona mama mnene mwenye miwani na kitenge cha kijani akisalimia watu uani, nikadhani ni mmoja wa wale wasiokosa kilio chochote kwa sababu ya wali. Kisha akakohoa. Kikohozi kile kikavu, cha mara tatu tatu, nilikuwa nimelala nacho mgongoni mwaka mzima nilipokuwa msichana, na mikono yangu ikaacha kusuuza sahani yenyewe. Alinikumbatia, na huku bado amenishika mabega akasema polepole, "Yaya Mapendo, leo wakati ya maombi, ni we utaomba. Nimeisha ambia ba mama wote." Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, ingawa mimi si dada yake. Nikamwambia kwamba siku hizi siombi mbele za watu. "Najua," akasema. "Karibu myaka makumi tatu. Leo utaomba."

Wanaoandika maisha yao huanza na babu na bibi, kijiji walikotoka na jinsi walivyovuka mto. Mimi nayaruka hayo yote, maana hayana hatia yoyote katika jambo hili. Inatosha mjue kwamba tulikuwa Wakongo, kwamba nyumba yetu ilikuwa Cibitoke, upande wa kaskazini wa Bujumbura, mtaa wa mafundi na vibanda, kwamba kaka zangu wawili walikuwa wakisoma Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitano. Vita vilikuwa havijamaliza mwaka wa pili. Leo naishi Mutanga Sud, nafundisha hesabu, na kanisani nakaa viti vya nyuma, nafumba macho pamoja na wengine na sichezeshi mdomo. Watu husema ni unyenyekevu, nami nimewaacha waseme hivyo.

Chumba ninachokiona nikifikiria mwaka ule ni sebule. Viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, meza ndefu, pazia la maua lililotenganisha sebule na chumba cha wazazi, cherehani ya Mama chini ya dirisha, na juu ya cherehani ramani ya dunia ambayo Baba aliiokota katika shule moja iliyofungwa. Alikuwa ameichoma kwa pini za Mama, zile zenye vichwa vya rangi, pini moja kila mahali palipokuwa na mateso, na kila mtu mezani alikuwa na nchi yake ya kuombea. Mama alikuwa na Sudani. Mimi nilikuwa na Bosnia. Baba alikuwa na Liberia na Haiti, mbili, kwa kuwa ndiye baba. Bugali wa mihogo ulikuwa ukifuka mezani, ndagala, dagaa wa ziwani, zimekaangwa kwa nyanya hadi harufu inakuumiza, na hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha mkono kabla nchi zote hazijapita. Kuna siku bunduki zilikuwa zikilia upande wa Kamenge tukiwa katikati ya Haiti, na Baba alipandisha sauti tu ili Mungu asikie vizuri. Mama ndiye aliyeuliza jioni moja, bila kufumbua macho, "Na siye? Siye hatuna pini?" Baba akainuka, akachukua pini nyekundu, akaichoma Burundi. Kichwa cha pini kilifunika nchi nzima.

Baba alikuwa dereva wa kamyoneti ya bluu iliyobeba unga wa mihogo sokoni, na shemasi wa kanisa letu, na katika kazi zote mbili alichukia mambo ya juu juu. Ukiomba, "Bwana uwabariki wote wanaoteseka," alikukodolea jicho moja ukishamaliza. "Wote ni ba nani? We ukienda ku biro ya commune unapelekaka karatasi ya formulaire bila jina? Taja. Taja mutu, taja njia, taja saa. Mungu anafanyaka kazi na adresse." Na alikuwa na sheria nyingine, ambayo hakuna mtu wa kikundi chetu cha maombi aliyewahi kuivunja: maombi hayakatizwi. Mara moja guruneti lililipuka barabara ya pili, kioo cha dirisha kikaanguka juu ya cherehani, na mama aliyekuwa akiomba akaendelea mpaka Amina, na sisi sote tumefumba macho huku vumbi likitujaa puani. Baba alijivunia jambo hilo kwa miezi.

Kikundi kilikutana kwetu Jumatatu na Alhamisi saa kumi alasiri, kwa sababu jengo la kanisa lilikuwa katika mtaa ambao nusu yetu hawakuweza tena kukanyaga. Walikuwa watu kumi na wawili, wa pande zote mbili za vita, na Baba alipenda kuwaambia wageni hivyo. Aliyekiongoza ni Mama Léoncie, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na ndiye aliyesema kwanza, "Uyu mutoto iko na zawadi." Zawadi yenyewe ilikuwa kutaja. Nilisikiliza redio ya Baba, nikaokota majina, nikayaweka katika maombi yangu kama mtu anayepanga vyombo vya kuonyesha wageni. Nilizijua Tuzla na Goražde za Bosnia kabla sijafika Gitega, hapa hapa Burundi. Niliombea daraja, niliombea hospitali, niliombea mfereji wa maji, na kina mama walilia. Nilikuwa na tabia ya kuchungulia kwa jicho la kushoto nione nani analia. Niseme waziwazi, maana sina sababu ya kujipamba katika umri huu: nilipenda kusikika nikiomba kuliko nilivyompenda Mungu, na Bosnia sikuipenda hata kidogo.

Mwalimu Déo alikuja kwetu wiki ya Pasaka, na mtoto wake wa miaka minane, begi moja, na shati alilolala nalo nje. Alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi, mkewe alikufa kabla ya vita, na nyumba yao, barabara mbili kutoka kwetu, ilikuwa imechomwa. Sitaandika alikuwa kabila gani. Waliomuua walijua, na wao tu ndio waliokuwa na haja ya kujua. Itoshe kwamba wakati ule kila mtaa ulikuwa umechagua watu wake na mtaa wetu haukumchagua yeye. Kikundi kizima kilijua yuko kwetu. Waliombea jambo hilo, wakakubaliana, wakawa wanaleta maharage na mafuta kwa zamu. Alikaa nyuma ya pazia la maua. Wageni wengine wakija, alikohoa ndani ya mto wa kulalia. Alinifundisha milinganyo kupitia pazia lile, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akinijibu, na nilipokosea alicheka kwa pua bila kunidharau. Nilimpenda Mwalimu Déo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hivyo.

Mtoto, Espérance, alilala nami. Alikuwa na kile kikohozi, na aibu ya kula chakula cha watu. Siku ya tatu alimwomba Mama kazi, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza watoto, akampa viatu. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kopo la rangi na kitambaa, akitema mate na kusugua, ili sote tung'ae Jumapili. Alianza daima na vya baba yake, ingawa baba yake hakuwa na mahali pa kwenda. Vilikuwa viatu vizuri vya ngozi ya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja kwa miaka ya kusimama ubaoni, na mwenyewe alikuwa amekipachika kipande cha mpira wa tairi.

Kiangazi kilipofika, vijana wa mtaa walianza kuuliza nyumba zenye wageni. Walikuja kwetu wawili, wenye adabu kabisa, wakanywa chai, wakamwuliza Mama mbona anapika sufuria kubwa hivyo kwa watu watatu na mtoto mmoja. Siku iliyofuata nilikuwa jikoni nachambua maharage, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao, nikamsikia Baba na Mwalimu wakipanga. Kila mtu angefikiria wanakwenda Gatumba, mpakani, kwa kuwa ndiyo njia ya Uvira. Kwa hiyo wasiende Gatumba. Baba angevuka mji wote kuelekea kusini hadi Ruziba, ambako rafiki yake mvuvi angemvusha Mwalimu ziwa. Wangeondoka Jumanne saa mbili asubuhi, saa ambayo Baba hupeleka unga kila siku. Mwalimu angelala kwenye nafasi nyuma ya gunia la tatu, upande wa dereva. Kwenye vizuizi vya barabarani vijana humegewa unga na kuliacha gari lipite. Hakuna aliyewahi kumshusha Baba mzigo. Mtoto angebaki kwa sababu ya kikohozi, na Mama angempeleka Uvira kwa basi wiki ya pili, kama wake. "Tusiambie mutu," Baba alisema. "Hata kikundi. Tutasema tu iko safari." Mimi nikaendelea kuchambua maharage, nikijisikia mkubwa kwa kujua.

Jumatatu saa kumi kikundi kilikaa. Chai ya rangi ilizunguka, na mikate ya Mama Léoncie. Baba akasema kuna hitaji la safari, hakusema zaidi. Kisha akafanya kosa lake la kwanza. Akatazama huku na huku, akaniona, akasema kwa fahari yake yote, "Mapendo, ombea mugeni wetu." Nikasimama. Nakumbuka gauni nililovaa, la pinki, limebana makwapani. Nilianza taratibu, nikamkumbusha Mungu jinsi alivyomficha Musa katika kikapu, na niliposikia Mama Léoncie akisema, "Ndiyo Bwana," kitu kikanipanda kichwani. Nikasema, "Vile vile Bwana, ficha mutumishi wako Déo nyuma ya gunia ya tatu. Linda ile kamyoneti ya bluu, upande wa chauffeur. Kesho saa mbili, Bwana, ikitoka, usituachie Gatumba, tupeleke Ruziba. Fungua macho ya mwenye mutumbwi anayengojea." Kina mama wakaanza kulia. Nikachungulia kama kawaida yangu. Nyuso zote zilikuwa zimefumba macho isipokuwa moja. Baba alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo.

Neno moja lingetosha. "Mapendo." Au kikohozi, au kuangusha kikombe. Lakini maombi hayakatizwi, na yeye ndiye aliyeweka sheria, na kikundi chote kilikuwa kimeshikana mikono. Nilimwona anafikiri. Kisha akafumba macho. Mimi, mjinga, nikachukulia kwamba amekubali, nikaendelea na mawimbi ya ziwa na taa ya ng'ambo, hadi kumi na wawili wote wakasema Amina. Walipoondoka Mwalimu alitoka nyuma ya pazia, macho mekundu, akaniwekea mkono kichwani. "Asante, mwanangu. Hakuna mutu aliniombeaka hivi."

Mama alisubiri mpaka mlango umefungwa. Hakunigusa. Alimgeukia Baba na mikono yake yenye nyuzi. "Badilisha saa."

"Tumeisha omba, Mama Mapendo."

"Badilisha basi njia. Pita hata Gatumba. Badilisha kitu moja tu."

"Nikibadilisha," Baba akasema, "nitakuwa nasema kama siamini ba ndugu wangu. Wamelia machozi hapa, umewaona. Nitakuwa nasema maombi imetuharibia. Siwezi kuombea kitu halafu nikiogope."

"We unaamini Mungu ao unaamini kikundi?"

Mama akamgeukia Mwalimu, aseme yeye, kwa kuwa roho ni yake. Na Mwalimu Déo, ambaye kwa miezi alikuwa amekula chakula chetu na kukohoa katika mto wetu, akaona aibu kumpinga mwenye nyumba. "Nitaenda vile Papa Mapendo amepanga," akasema. Siku hizi, nikisikia watu wakisifu heshima, nakumbuka alivyokuwa amesimama pale sebuleni, anafuta miwani kwa ncha ya shati.

Jumanne kamyoneti ilirudi saa sita mchana. Mama alimtuma Espérance kwa jirani kuchukua mkaa, akamvuta Baba nyuma ya pazia, akasahau kwamba mimi nipo kwenye cherehani nikipindisha ukosi. Nilisikia yote, na yote nimeyahifadhi.

"Hawakuniuliza kitu," Baba alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma. "Hawakuomba hata bunga. Walipanda nyuma wakahesabu. Moja, mbili, tatu. Wakamutoa."

"Na mwili?"

"Waliniambia niende. Halafu mumoja akakuja ku dirisha. Kijana tu. Akaniambia, rudi nyumbani, Papa. Ambia mutoto wako anaomba muzuri. Ambia siye pia tumesema Amina."

Mama hakulia. Akauliza, "Na hivyo viatu umeshika?"

"Alikuwa amevivua. Alivilalia kichwa, vikabaki."

Espérance alirudi na mkaa, ana weusi puani. Baba akatoka, akachuchumaa mbele yake, na kabla mtu hajamzuia akasema, "Papa yako amefika. Anakusalimia." Kisha akaenda kwenye ramani, akachukua pini ya kijani, akaichoma Uvira. Ziwa ni jembamba kwenye ramani ya dunia; pini ya kijani iligusana na ile nyekundu. Jioni ile Espérance alipewa nchi yake ya kuombea mezani, kama sisi wengine. Alipewa Uvira. Alifumba macho kwa nguvu na kusema, "Mungu, saidia Papa apate kitanda. Saidia asisahau kunywa dawa ya tumbo." Tukasema Amina, tukala.

Nimejaribu kumwelewa Baba kwa hili. Mwanzoni nadhani ilikuwa huruma kwa mtoto, na mtoto hangeweza kutunza siri katika nyumba yenye watu wanaoingia na kutoka. Lakini Alhamisi alikiambia kikundi nacho kwamba Mwalimu amefika salama. Walipiga makofi. Waliimba wimbo wa shukrani, beti zote. Mmoja kati ya wale kumi na wawili alikuwa anaimba huku akijua kwamba Baba anadanganya, na Baba alikuwa anaimba huku akijua kwamba mmoja anajua. Alikuwa anawatazama midomo, mmoja mmoja. Angeweza kusema, na mtu yule angeonekana. Lakini ingebidi aseme pia gunia lilitajwa wapi, lilitajwa na nani, na ni nani aliyeacha likatajwa. Sikupata kamwe kujua ni yupi. Inawezekana hakukuwa na mbaya miongoni mwao. Huenda mmoja alikwenda tu bombani kuchota maji akamsimulia jirani jinsi mtoto wa Papa Mapendo alivyoomba vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mimi sikuomba tena. Baba hakuniita tena, na zamu yangu mezani ilirukwa bila mtu kusema kwa nini. Bosnia ikabaki na pini yake bila mwombaji. Hakunigombeza hata siku moja. Heri angenipiga. Usiku nilimpa Espérance mgongo, naye akakohoa katikati ya mabega yangu, akinong'ona maswali. Uvira kuna shule? Ndagala za kule ni kubwa kuliko za huku? Basi la kunipeleka litaondoka lini? Nilijibu. Nilikuwa mzuri wa mambo madogo madogo, na uongo unataka mambo madogo madogo kama maombi.

Kuhusu viatu sitamtetea mtu. Vya Baba vilikuwa vimetoboka, na vita vilikuwa vimefanya ngozi kuwa kitu cha matajiri. Mama alivipaka rangi nyeusi mara mbili, akavianika nyuma ya choo, akaviweka chini ya kitanda. Jumapili mbili Baba alikwenda kanisani na vyake vilivyotoboka. Jumapili ya tatu mvua ilinyesha nje ya msimu. Alisimama mbele ya watu na viatu vya Mwalimu Déo, akasoma zaburi, na mimi nilikuwa natazama kisigino cha kushoto. Jumamosi iliyofuata vilikuwa kwenye safu kizingitini pamoja na vingine. Nilisimama mlangoni. Espérance akavipakata, akavigeuza mara moja, akatema mate kwenye kitambaa, akaanza kusugua. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba hajui. Ndiyo shukrani pekee niliyomtolea Mungu mwaka ule.

Aliondoka kabla ya Pasaka ya pili. Mama yake mdogo alikuja kutoka Kigoma kumchukua, Baba akamweleza ukweli nje ya lango kwa maneno machache, na yule mama akaenda zake bila kuaga. Espérance alituaga sote kwa mkono. Baba akazitoa pini moja moja, akamrudishia Mama kwenye kikopo chake, na ramani akaikunja. Kikundi kiliendelea kukutana miaka mingi. Baba aliomba hadi mwisho wa uhai wake, ila kwa jumla tu. "Bwana, uwabariki wote."

Basi Jumatano hiyo, baada ya makaburini, watu walirudi nyumba ile ile ya Cibitoke wakala, na saa kumi alasiri viti vikapangwa. Wa kikundi cha zamani walikuwa watano. Mama Léoncie alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kipofu sasa, bado anaamrisha. Mama yangu alikaa chini ya dirisha. Espérance alinifuata jikoni, akanikuta nimeshikilia ukingo wa meza.

"Mama yako mudogo alikuambia," nikamwambia. "Kwa hiyo unajua ni mimi."

"Mi nilikuwa mu ile sebule siku uliomba, yaya. Nilisikia yote. Nilikuwa mutoto, sikuwa kiziwi."

"Sasa unataka nini? Tumutafute mwenye alisema?"

"Apana. Sitafuti mutu. Mu hii nyumba walimuombea Papa ya uongo miezi na miezi, na mi nikiwa napiga magoti. Nataka ya kweli moja. Utaje vile baba yako alikufundisha."

Nilitoka. Nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama na gauni la pinki. Watu wakashikana mikono, wakafumba macho, na nikajua kitu ambacho kilinipa ujasiri na kunichukiza kwa wakati mmoja: nikishaanza, hakuna atakayenikatiza. Nikasema, "Bwana, tunamleta kwako Déo, mwalimu wa hesabu. Aliishi nyuma ya hili pazia." Nikasikia Mama anavuta pumzi. Nikaendelea. Nilitaja kamyoneti ya bluu na saa mbili na Ruziba na gunia la tatu. Nilisema kwamba mdomo uliovitaja ni huu. Nilisema kwamba Baba yangu, ambaye udongo wake ulikuwa bado mbichi, alinitazama akaniacha, na kesho yake akaendesha. Nilitaja kijana wa dirishani na ujumbe wake. Nilitaja pini ya kijani, na wimbo wa shukrani, na beti zote. Sauti haikunisaliti. Zawadi ilikuwa bado ipo, nayo nikaichukia. Macho yangu yalikuwa wazi. Mama Léoncie alikuwa akilia bila kutoa sauti. Wengine walikuwa wamefumba macho kwa nguvu kama watu waliomwagiwa sabuni, na hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake.

Nikasema Amina. Hakuna aliyeitikia. Mama aliinua uso, akanitazama kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona kwake, kisha akautazama mlango, kama anayengojea Baba aingie amalize mambo haya. Nikataka kukaa.

"Bado," Espérance akasema kutoka kwenye kiti chake. Macho yake bado yalikuwa yamefumbwa, mikono ameipakata mapajani, kiganja juu. "Hujataja viatu. Nilivipaka rangi kila Jumamosi, yaya, miezi munane. Ile mupira ya tairi iko mi nilimushikia wakati alikuwa anaipachika."

Mama akafumba macho. Nikajinyoosha, nikaanza upya.